Picha Tisa za Jerida Nilizoziosha

Nakuru. Jumamosi, mwezi wa pili, 1957.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi la magadi limepanda kutoka ziwani mpaka ndani ya sufuria ya chai. Midomo imekauka, macho yanawasha, na shuka nilizoanika nimeziingiza ndani zikiwa nyeupe zaidi kuliko nilivyozitoa, lakini si kwa usafi. Hata hivyo nina furaha. Naandika hivyo mapema nisije nikajisahau katikati nikaanza kujihurumia, maana leo nina jambo la kuungama.

Kwanza niseme hili. Mimi nina jicho.

Sijisifu. Haya, najisifu kidogo, lakini daftari ni langu na halina mdomo. Miaka kumi na moja nimefundisha kazi za mikono katika shule hii iliyo karibu na nyumba za reli: kusuka, kushona, kufinyanga na kuchora. Nipe darasa zima la watoto nisiowajua, nipe na kipindi kimoja, nami nitakuonyesha nani ni mchoraji. Si yule mwenye mistari iliyonyooka. Huyo atakuwa karani, na Mungu ambariki. Mchoraji ni yule anayetazama kitu mara kumi kabla ya kutazama karatasi mara moja. Waambie wachore kibuyu: wenzake wote wameshainama wanachora mviringo, yeye bado amekikodolea kibuyu macho kana kwamba kimemtukana.

Hivyo ndivyo nilivyomwona Jerida, akiwa Standard Five. Sasa ana miaka kumi na sita, mrefu, mnyamavu, mwenye viwiko vyeusi kwa makaa. Alimaliza Standard Eight mwezi wa kumi na mbili, lakini bado huja kila siku kuchora katika chumba changu cha kazi za mikono, na mimi humfungulia. Baba yake ni mpakiaji mizigo pale stesheni, na ndiye anayetuletea karatasi. Karani wa ghala akitupa hati za zamani za mizigo, zenye maandishi upande mmoja na upande wa pili mtupu, Baba Jerida huziomba na kutuletea furushi kwapani. Picha zote nzuri zilizowahi kuchorwa shuleni kwetu zina mgongo wenye habari za magunia ya mahindi na ngozi za ng'ombe.

Mwaka huu imekuja nafasi. Chuo kimoja cha walimu kimeanzisha masomo ya sanaa, na kutoka shule zote za Waafrika kuanzia Longonot hadi Salgaa kitachukua mmoja. Mmoja tu. Anayependekeza jina chuoni ni Mkaguzi wa kazi za mikono, mama wa Kizungu mwenye viatu vya kamba kama vya mwanamume, anayepita shule kwa shule na kitabu chake. Zamu yetu ilikuwa leo. Jerida akikosa, basi: shangazi yake ameshamtafutia kazi ya yaya kwenye shamba moja huko Naivasha, aanze mwezi ujao. Hakuna aibu katika kulea watoto. Lakini mtu hawezi kubeba mtoto mgongoni na kitabu cha kuchorea mkononi, na baada ya miaka miwili mkono husahau.

Sasa ungamo lenyewe.

Sisi walimu wa kazi za mikono tuna desturi, na sidhani kama kuna mwalimu wa wilaya hii atakayeikana akibanwa vizuri. Tunaiita kuosha. Mkaguzi akikaribia, au maonyesho ya kilimo yakikaribia, mwalimu hubaki na kazi za watoto baada ya masomo, akaziosha. Kikapu kilichopinda hufumuliwa mizunguko miwili kikasukwa upya. Sweta hurudiwa kola. Picha hufutwa kwa mkate laini, maana mkate hunyonya makaa kuliko raba yoyote ya dukani, kisha mwalimu huurudisha mstari pale ulipopaswa kuwa. Mwisho huchukua maziwa yaliyotiwa maji, akayapuliza kwa mdomo juu ya karatasi. Maziwa yakikauka, makaa hayatoki tena. Hapo hata mwalimu mwenyewe akijuta, amechelewa.

Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na huku tunamkunja sisi.

Mimi ni bingwa wa kuosha. Hilo nalo ni jicho, la namna yake. Naweza kuosha picha ya mtoto wa Standard Six hata mama yake aliyemzaa asijue kwamba kuna mkono mwingine umepita. Ndiyo maana kwenye maonyesho tumekuwa wa kwanza mara tatu mfululizo, na Mwalimu Mkuu wetu, ambaye hajui tofauti ya makaa na masizi, ameweka zile hati tatu za ushindi ofisini mwake kando ya picha ya Malkia.

Jumanne mchana Jerida aliniletea picha kumi na mbili za kumwonyesha Mkaguzi. Alipokwenda, nikatoa mkate. Tisa niliziosha. Tatu niliona hazina dawa, nikazitandika kwenye rafu ya kabati chini ya mikasi, kwa sababu rafu ile ina vibanzi.

Katika zile tisa kulikuwa na moja kubwa kuliko zote. Wanawake watatu wanakandika nyumba huko Ndabibi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba anakoishi nyanya yake. Ukuta ulikuwa mzuri. Migongo ilikuwa mizuri, unaona kabisa nguo ilivyobana penye kwapa. Lakini mikono! Kila kiganja kilikuwa kikubwa kiasi cha kufunika uso na shingo na bado kikabaki. Nilicheka, kwa mapenzi, kama mama anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Nimewafundisha tangu Standard Five: kiganja hutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia, weka chako usoni uhakikishe. Nikafuta mikono yote sita. Nikaichora upya, ya kadiri, yenye kucha. Nikapuliza maziwa. Nilipomaliza nilisimama mbali nikaitazama, nikajiambia, Truphena, Mkaguzi atashindwa kuondoka.

Jumatano nikamwita Jerida aje aandike jina lake pembeni ya kila picha, kama Mkaguzi anavyotaka. Ile ya wanawake ndiyo iliyokuwa juu. Aliitazama muda mrefu. Nilikuwa nimesubiri atabasamu. Akaweka penseli chini, taratibu.

"Mwalimu, hii siwezi andika jina."

"Kwa nini?"

"Hii mikono sikuchora mimi."

"Nimekusaidia tu. Ilikuwa imezidi ukubwa."

"Ndiyo, Mwalimu." Kisha akasema, kwa heshima zote, macho chini, mikono nyuma: "Basi si uandike lako?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. Miaka kumi na moja hakuna mtoto aliyewahi kunijibu hivyo, na ubaya ni kwamba hakunijibu kwa ujeuri. Angekuwa jeuri ningejua la kufanya. Nilimwambia hana shukrani. Nilimwambia wako watoto huko Naivasha wanaomlilia Mungu wapate mwalimu wa kuwasaidia. Nikamuuliza ni wapi ameona mwanamke mwenye mikono kama koleo.

"Nilikuwa nimekaa chini, Mwalimu," akasema. "Nyanya na wale wamama walikuwa wamepanda juu ya viti, mimi nawapatia udongo. Mkono ndiyo inakuja kwangu, inachukua, inarudi. Uso iko mbali huko juu."

Nikamwambia aende nyumbani.

Nilifika kwangu nikiwa bado naongea peke yangu. Baba Hosea, mume wangu, alikuwa jikoni anasubiri uji. Sijui ni nini kilichoniingia, lakini nilimwambia apande juu ya kigoda. Akauliza kama kuna panya. Nikamwambia apande tu. Nikakaa chini sakafuni, na gauni langu la shule, nikamwambia aniletee mkono kama anayetaka kuchukua kitu kwangu.

"Mama Hosea, umeanza wazimu ama ni jua?" Lakini akainama, akanyoosha mkono.

Mkono ulikuja. Ulifunika ndevu, ukafunika pua, ukafunika paji lote la uso. Vidole vilikuwa vinene kama vya mtu mwingine, na nyuma yake, mbali, kulikuwa na kichwa kidogo cha mume wangu kikiniuliza kama sasa anaweza kushuka.

Jerida alikuwa sahihi. Alichora alichokiona, kutoka pale alipokuwa amekaa. Mimi nilimsahihisha nikiwa nimesimama mahali ambapo yeye hakuwapo.

Sikula vizuri jioni ile. Nilimkumbuka mwalimu wangu mwenyewe, kule misheni nilikosomea, aliyenipenda sana na kuniosha sana. Niliwahi kupata zawadi kwa picha ya chombo cha maua. Nyumbani kwetu hapakuwa na chombo cha maua, wala kwa jirani, wala popote nilipowahi kutia mguu. Alichora yeye, nikaandika jina mimi, nikapigiwa makofi na kanisa zima. Tangu nimalize shule sijachora picha hata moja yangu. Nimekuwa nikisema ni kwa sababu ya watoto, na kazi, na Baba Hosea na uji wake. Si kweli. Sikuwahi kujua ni mstari upi ulikuwa wangu, na niliogopa kutazama.

Niliona uchungu. Naandika hivyo hivyo bila kupamba.

Alhamisi Jerida hakuja. Baada ya masomo nikaenda mwenyewe kwenye nyumba za reli. Kumwomba msamaha mtoto uliyemfundisha kushika penseli si jambo jepesi, hasa mama yake akiwa ameshakufutia kiti na kukuwekea chai, akidhani umekuja kuleta habari njema. Jerida alikuwa nje anapembua maharagwe. Nilichuchumaa tukapembua pamoja kidogo. Kisha nikasema, "Jerida, nilikosa."

Alitoa jiwe moja kwenye maharagwe, akalitazama, akalitupa.

"Ichore tena," nikamwambia. "Kesho una siku nzima."

"Karatasi imeisha, Mwalimu. Baba anasema mpaka karani atupe zingine. Na hiyo umeshapuliza maziwa."

Kwamba nilipuliza maziwa nilijua. Kwamba karatasi imekwisha nilikuwa nimesahau. Yeye ndiye aliyefikiri. Akaniuliza kama ile picha bado iko mezani kwangu. Nikasema iko. Akasema, "Basi nitageuza. Huko nyuma iko tu maandishi ya mizigo."

Ijumaa asubuhi aligeuza picha yangu uso chini, akaanza kuchora juu ya mistari ya stesheni, juu ya idadi ya magunia na sahihi ya karani. Mimi nilijitoa chumbani. Nilikaa barazani na sindano zangu za kufumia, na sijawahi kupata shida kama ile. Kila nikisikia makaa yanakwaruza nilitaka kuingia. Nilifuma soksi moja na nusu. Mara moja nilisimama nikaenda mpaka mlangoni, nikajifanya natafuta uzi, na Jerida akafunika karatasi kwa kiwiko bila hata kuinua kichwa. Nikarudi kukaa.

Saa ya chakula nilikwenda kumweleza Mwalimu Mkuu ninachokusudia: kumwambia Mkaguzi wazi ni picha zipi nimeziosha. Si mtu mbaya, Mwalimu Mkuu. Ni mtu mwenye hati tatu ukutani. Alifunga mlango kwanza.

"Mwalimu Truphena, mambo ya jikoni hayaletwi sebuleni. Kila shule inaosha."

"Najua."

"Sasa Mkaguzi akisikia, atauliza na zile za maonyesho. Jina la shule litakwenda wapi?"

"Litabaki hapo hapo lilipo, Mwalimu Mkuu. Ni letu."

Akavua miwani. Kisha akasema neno ambalo lilinichoma, kwa sababu halikuwa la kijinga. "Huyo msichana hana pengine. Wewe ukiungama, Mkaguzi atatupa picha zote, na mtoto ataenda Naivasha kufua nepi. Utakuwa umesafisha roho yako kwa maji ya mtoto wa mtu."

Nilitoka. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Leo basi.

Mkaguzi alifika saa nne na upepo wake wote, skafu kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Ofisini tulikuwa wanne: yeye mezani, Mwalimu Mkuu ubavuni kwake, mimi, na Jerida karibu na mlango, amevaa gauni la kanisani. Picha tisa zilikuwa mezani. Ile ya wanawake ilikuwa ya mwisho, chini kabisa, upande wangu ukiwa juu. Mwalimu Mkuu ndiye aliyezipanga.

Mkaguzi akatazama ya kwanza. "Safi." Ya pili. "Safi sana." Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo zilizotoka kwa dobi. Akazipitia nane bila kusimama kwa yoyote. Kisha akasema, kwa upole, akiwa ameshaanza kutafuta kifuniko cha kalamu yake: "Nzuri, Mwalimu. Mimi naona mzuri kama hii kila shule."

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyosikia. Hakusema picha ni mbaya. Alisema zinafanana. Na kwa nini zisifanane? Zilioshwa na mimi, na za shule nyingine zilioshwa na wenzangu, na sisi wote tulifundishwa na watu wa aina ile ile. Nilichukua mtoto ambaye hafanani na mtu, nikamfanya afanane.

Akanyanyua ya tisa ili aziweke pamoja. Vidole vyake vikawa vyeusi. Upande wa Jerida haukuwa umepulizwa maziwa. Hakutaka, na mimi sikuthubutu. Mkaguzi akatazama vidole, akatazama karatasi, akaigeuza.

Akaweka kalamu chini.

Ilikuwa mikono. Siwezi kuisema vinginevyo. Ilitoka juu ikija kwako, minene, yenye udongo, mistari ya magunia ikipita katikati ya viganja, na mbali juu nyuso tatu ndogo zinazocheka jambo ambalo wewe uliye chini hujalisikia. Mimi mwenyewe nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza.

"Hii nani nafanya?" akauliza Mkaguzi.

"Jerida, Memsahib," nikasema.

Akageuza. Mikono ya kadiri, yenye kucha. "Na hii?"

Mwalimu Mkuu akakohoa. Ningeweza kusema ni Jerida pia, alijaribu mara mbili. Uongo mzuri, mfupi, wa kumfaa kila mtu chumbani. Nikamtazama Jerida. Hakunitazama; alikuwa anatazama karatasi, kama anavyotazama siku zote.

"Hiyo mikono ni yangu, Memsahib," nikasema. "Yeye alichora kubwa, nikaifuta, nikachora yangu. Hata hizo nane zingine nimeziosha mimi. Lakini hiyo ya nyuma hakuigusa mtu ila yeye. Tafadhali usimhukumu kwa zangu."

Upepo ulitikisa bati.

Mkaguzi akamgeukia Jerida. "Kwa nini wewe nafanya mkono kubwa hivi?"

"Nilikuwa nimekaa chini," akasema Jerida.

Basi. Mkaguzi akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Mimi nilihitaji kigoda, sakafu, na Baba Hosea mzima. Yeye alielewa kwa maneno matatu. Nilimheshimu kwa hilo, na nilimwonea wivu kidogo pia. Akazisukuma zile nane pembeni, si kwa hasira, akaniuliza: "Iko ingine? Ile wewe hapana gusa?"

Nilikimbia. Mwalimu mzima, mama wa watoto, nilikimbia kwenye vumbi mpaka kabatini, nikatupa mikasi chini, nikarudi na zile tatu nilizotandika rafuni. Zilikuwa na alama za kutu. Moja ilikuwa vumbi la magadi juu ya ziwa, karatasi karibu tupu, ambayo Jumanne niliona haijakamilika. Moja ilikuwa mgongo wa baba yake chini ya gunia. Na moja ilikuwa punda.

Mkaguzi alizipanga kando ya ile ya wanawake. Akafungua kitabu chake. Aliandika jina la Jerida kwa herufi kubwa, akaliuliza mara mbili asikosee, na jina la baba yake, na mahali wanapoishi. Kwangu alisema maneno machache tu, kwamba nisioshe tena, na kwamba angependa kuona maonyesho ya mwaka huu. Sikujua kama ni onyo au mwaliko. Nimeamua ni vyote viwili.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wazee. Wangeongeza tu kwamba mwalimu asikichonge kwanza.

Kisha akasema fomu ya chuo inataka picha tatu, zisizoguswa, na kwamba atakayezichagua ni msichana. Alininyooshea kidole alipokuwa anasema hivyo. Jerida akaja mezani. Akachukua ile ya wanawake. Akachukua mgongo wa baba yake. Mkono wangu wenyewe ulikuwa tayari umeshika ile ya ziwa ili nimpe, maana sasa nilikuwa nimeiona, ilikuwa imekamilika kabisa. Yeye akainua punda.

Sikuweza kujizuia. "Jerida, huyo punda atakuharibia."

"Ni mbaya, Mwalimu, najua."

"Sasa?"

"Nataka waone pahali sijui. Ndiyo nikifika waanzie hapo."

Mkaguzi alikuwa ananitazama. Nilifunga mdomo. Jerida akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye picha zote tatu, haraka, kama mtu aliyekuwa na haraka hiyo tangu Jumatano.

Mkaguzi alipoondoka Mwalimu Mkuu alisimama chini ya zile hati zake. Hakunigombeza. Aliuliza tu, kwa huzuni, maonyesho ya mwaka huu tutapeleka nini.

"Tutapeleka kazi za watoto."

"Tutashindwa."

"Huenda. Lakini tutajua ni nani aliyeshindwa, nami nitajua pa kumfundisha."

Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikiwafikiria wengine, waliopita mikononi mwangu kabla ya Jerida. Wako waliopata zawadi kwa ng'ombe wangu na miti yangu, wakaenda zao wakidhani wamejua. Wako labda wawili watatu waliotazama kibuyu mara kumi. Siwezi kuwarudishia mistari yao, na hilo linaniuma, na linastahili kuniuma. Lakini sitakaa hapa nikilia juu ya daftari. Mimi ni mwalimu mzuri. Nilikuwa na jicho kabla ya leo, na leo nimejifunza kulipeleka jicho pale mtoto alipokaa. Jumatatu naingia Standard Five na makaa tu, na mkate utabaki nyumbani uliwe na chai.

Bado sijui kama chuo watampokea. Wakimwona kwa picha zile mbili, watampokea. Hilo naliweka hapa kwa wino, si kwa makaa.

Lakini punda yule ni mbaya. Nitasema hivyo hata mbele ya mkuu wa chuo. Ni meza yenye masikio. Ameondoka leo saa saba ndani ya mkoba wa Mkaguzi, na ule mguu wake wa tano ambao Jerida anashikilia kwamba ni mkia.